Kurudi Kampala kuwaona marafiki wa zamani: panga safari kwa milo

Tuliowahi kuishi Kampala tuko wengi. Kuna waliosoma Makerere au Kansanga, waliofuata bidhaa Kikuubo, waliotolewa Kivu na vita wakaanza upya Nsambya na Katwe, na walioajiriwa wakakaa mpaka watoto wao wakajua Kiganda kuliko Kiswahili. Tukipata nafasi ya kurudi, wengi hupanga safari kwa mahali: nitapita Wandegeya, nitaiona ile nyumba tuliyopanga, nitazunguka soko la Owino. Siku zinaliwa na foleni za barabarani, na rafiki uliyemfuata unaishia kumpungia mkono stendi.

Napendekeza njia nyingine, ambayo mimi huitumia kila nikitoka Bukoba. Panga watu kwanza, mpe kila mtu mlo wake, kisha mlo huo ndio uchague mahali. Hatua zifuatazo zinamfaa mwenye siku tano au sita. Mwenye siku mbili ashike hatua ya sita na ya saba, nyingine aziache.

1. Chagua wiki kabla ya kukata tiketi

Krismasi inavutia kwa sababu kila mtu yuko likizo. Lakini kuanzia siku chache kabla ya sikukuu Kampala huhamia vijijini. Mbarara, Masaka, Gulu na Mbale zinajaa, nauli zinapanda, na mji unabaki mtupu hadi wiki ya kwanza ya Januari. Utapita Jinja Road bila foleni, ila huna wa kula naye.

Wiki ya Juni 3 nayo ni ya wahujaji. Siku ya Mashahidi, Namugongo hupokea umati mkubwa sana, wakiwemo wanaotembea kwa miguu kutoka wilaya za mbali na hata kutoka Kenya na Tanzania. Kama nia yako ni hija, hiyo ndiyo wiki yako. Kama nia ni marafiki, hasa wanaoishi Kireka au Kyaliwajjala, sogeza mbele.

Mvua za Machi hadi Mei, na zile za Septemba hadi Novemba, hazizuii mtu kusafiri, ila zinazuia watu kufika mezani. Mvua ya saa kumi jioni ikijaza maji Bwaise, mwenzako wa Kawempe hatoki. Novemba hata hivyo ina neema yake: ni msimu wa senene, wale panzi wanaoliwa, na sisi watu wa Kagera hatuhitaji kuelezwa maana yake.

Halafu kuna Jumamosi. Kwa watu wa umri wa kati Kampala, Jumamosi si siku ya mapumziko. Kuna kwanjula, ile sherehe ya posa ambayo ndugu na marafiki wote hutarajiwa, kuna harusi, kuna mazishi kijijini, na kuna siku za wazazi kwenda kuwaona watoto shule za bweni. Wasabato nao wako ibadani. Usiitegemee Jumamosi mpaka uwe umeuliza. Mimi huona ni bora kuingia Jumanne na kuondoka Jumatatu, maana jioni za katikati ya wiki watu wapo.

2. Pata habari za watu kabla ya kutangaza kwamba unakuja

Hatua hii huachwa na wengi, na ndiyo inayolinda heshima ya safari nzima. Tafuta rafiki mmoja mwenye kuaminika, asiyependa umbeya lakini anayejua mambo, umpigie simu kwa utulivu. Muulize nani amefariki, nani ameachana na nani, nani amepoteza kazi, nani anaumwa, nani hawasalimiani. Mji wa watu wengi hubadilika kimya kimya. Kati ya Machi 2020 na Januari 2022, kipindi cha amri za korona, shule zilifungwa karibu miaka miwili, baa zikafungwa muda huo huo, na riziki nyingi zilikatika. Mwenzako aliyekuwa na saluni kubwa Wandegeya huenda sasa anauza nyanya, na hataki kuulizwa mbele ya watu.

Ukikuta kuna msiba uliokupita, upe nafasi yake asubuhi ya siku yako ya kwanza, kabla ya meza yoyote ya furaha. Buganda kuna mabugo, mchango wanaopewa wafiwa. Hata kama mazishi yalikuwa miaka miwili nyuma, bahasha yenye kiasi unachokiweza, ikitolewa kwa mikono miwili, inapokelewa. Nenda na mtu wa karibu na familia hiyo, usiende peke yako.

Baada ya hapo andika majina yote, kisha uweke alama kwa wale ambao ukiondoka bila kuwaona utaumia. Mara nyingi hawazidi sita. Hao wapate mlo wa watu wawili au watatu. Wazee, yaani mama mwenye nyumba wa zamani, shehe, mchungaji, mwalimu wako, hawaitwi mgahawani, wanafuatwa nyumbani. Wote waliobaki wanaingia kwenye meza moja kubwa.

3. Alika kwa siku, saa na mahali

"Nikifika tutaonana" ni maneno ya upendo lakini si mwaliko. Wiki mbili kabla, mwandikie kila mmoja wa wale sita ujumbe wake mwenyewe, usitume kwenye kundi. Kwa mfano:

"Mukwano (rafiki yangu), nafika Kampala Jumanne. Nakuomba chakula cha mchana Alhamisi, saa saba (13:00), karibu na kazini kwako. Chagua mahali wewe, mwaliko ni wangu."

Mambo yaliyomo humo yana sababu. Siku ni moja na si "wiki hiyo". Mahali ni karibu naye, kwa sababu wewe ndiye mgeni mwenye muda, yeye ana bosi na watoto. Na ameshajua nani analipa, kwa hiyo hatakaa kuhesabu mfukoni. Saa iandikwe kwa namna zote mbili. Kiswahili na Kiganda vinahesabu saa kwa namna moja, lakini watu wa Kampala wakiandika kwenye simu mara nyingi hutumia saa ya Kiingereza, na "saa 7" inaweza kumleta mtu jioni wakati wewe umemsubiri mchana. Anayetoka Kigali, Bujumbura au Goma akumbuke pia kwamba Uganda iko mbele yao kwa saa moja.

4. Njia na malazi

Hapa sitakawia. Wakenya na Wanyarwanda wanavuka kwa kitambulisho cha taifa, utaratibu ulioanza 2014. Mtanzania abebe pasipoti. Cheti cha chanjo ya homa ya manjano kiwe mkononi, si kwenye begi lililo chini ya basi. Ukitoka Tanzania kwa mpaka wa Mutukula, basi likisimama Lukaya, wachuuzi watakuletea dirishani kuku wa kuchoma kwenye vijiti na gonja, ndizi tamu iliyochomwa. Ukitoka Kenya kwa mpaka wa Busia au Malaba, utavuka Nile Jinja kwenye daraja jipya lililofunguliwa 2018, na kuku wale wale utawakuta Najjembe, ndani ya msitu wa Mabira, na Namawojjolo kabla ya Mukono. Nunua kipande kimoja tu, kwa sababu atakayekupokea ameshapika.

Wanaoshukia Entebbe kwa ndege na waliondoka zamani watashangaa barabara ya kasi iliyofunguliwa 2018. Inaokoa muda mwingi, na ina tozo tangu Januari 2022, kwa hiyo ukikodi gari muulize dereva kama bei yake imejumlisha tozo.

Sajili laini ya simu ya Uganda kwa pasipoti yako siku ile ile. Marafiki watakupigia bila kuogopa gharama, na utaweza kulipa kwa simu, iwe MTN au Airtel, karibu kila mahali. Badilisha pia noti kubwa chache zikawe ndogo. Muuza rolex, ile chapati ya mayai ya barabarani, hana chenji ya elfu hamsini.

Malazi yachague kwa kuangalia wale sita wanaishi wapi sasa, si ulikoishi wewe. Wengi wa rika letu wamehamia pembezoni: Kira, Najjera, Kyaliwajjala, Bweyogerere, Kajjansi. Kama wengi wako kaskazini mashariki, kaa Ntinda au Bukoto. Kama ni upande wa ziwani, Muyenga au Bunga panafaa kuliko katikati ya Kabalagala, ambako muziki hukesha. Kulala kwa rafiki ni heshima, lakini kunakufunga. Ninaona ni vizuri kulala kwake usiku wa kwanza au wa mwisho, siku nyingine uwe kwenye nyumba ya wageni, uingie na kutoka bila kumsumbua mtu.

5. Meza kubwa iwe mwanzoni, si usiku wa mwisho

Watu hupenda kuiweka karamu mwishoni iwe ya kuagana. Mimi naiweka jioni ya pili. Kwenye meza kubwa huwezi kuongea na mtu kwa undani, lakini unaona uso wa kila mmoja. Utamwona aliyekonda, utamwona aliyetaka kukuambia jambo akasita. Bado una siku tatu au nne za kumfuata huyo pembeni. Karamu ikiwa usiku wa mwisho, yote hayo unaondoka nayo bila kuyafanyia kitu.

Mahali pa meza hiyo pachaguliwe kwa kumfikiria mwenye kipato kidogo kuliko wote. Aweze kusoma orodha ya vyakula bila kubadilika uso, hata kama analipiwa. Mikahawa ya Kisementi na ile ya ndani ya Acacia Mall ni mizuri na inafaa kwa kahawa na aliye na ofisi Kololo, ila kwa watu kumi na tano wa hali tofauti siipendekezi. Fikiria pia dini na mwili: nani hali nguruwe, nani anakula cha halali tu, nani ameacha pombe, nani daktari amemkataza nyama. Kampala inapenda nguruwe wa kuchoma, na mahali pengi pa muchomo, yaani nyama choma, nyama zote hukaa karibu na jiko moja, kwa hiyo ukiwa na Waislamu mezani usipeleke watu huko.

Machaguo mawili yananitosheleza. La kwanza ni migahawa ya Kihabeshi ya Kabalagala. Injera, mkate wao mwembamba mchachu, huja kwenye sinia kubwa, watu wanakula kwa mkono kutoka sahani moja, na hilo peke yake linavunja ugeni wa miaka kwa haraka. Siku za mfungo wao, Jumatano na Ijumaa, sahani za dengu na mboga huwa nyingi, hivyo asiyekula nyama hashindi na njaa. La pili ni Kisenyi, kwa Wasomali. Wali na mbuzi, ndizi mbivu pembeni, chai ya viungo baadaye, vyote halali, na Kiswahili kinasikika kila upande. Kisenyi ni pa mchana au jioni ya mapema. Pana msongamano, magari hayana pa kukaa, lakini chakula kinashibisha na watu wanakaribisha.

Ukitaka meza ya Jumapili yenye watoto, nenda Ggaba, ufukweni mwa ziwa. Sato mzima wa kukaanga, ndimu, chumvi, na watoto wakiangalia mitumbwi. Agiza samaki mara tu unapofika, maana huchukua muda, na umchague mwenyewe kabla hajaingia kwenye mafuta.

Siku moja kabla, pita mgahawani uonane na msimamizi. Mwambie idadi, acha viti vitatu vya ziada kwa wasioalikwa wanaokuja na walioalikwa, na mkubaliane masinia mangapi na bei ya jumla. Waite watu saa kumi na mbili kama unataka kuanza kula saa moja na nusu. Kampala foleni ya jioni haimheshimu mtu.

Malipo yanahitaji uwazi. Kwa desturi ya huko, aliyealika ndiye anayelipa, na aliyetoka safari hudhaniwa kuwa na pesa zaidi. Huwezi kualika halafu mwisho wa usiku ukaomba kila mtu achangie. Kama mfuko ni mdogo, lipia chakula na kinywaji cha kwanza, umweleze mhudumu hivyo kabla, na uwaambie wageni mapema kwa sauti ya furaha: "Chakula na soda ya kwanza ni zangu, baada ya hapo tusaidiane." Hakuna atakayenuna. Na kwa yule unayejua hana nauli, mtumie kwa simu asubuhi, pamoja na ada ya kutolea, bila kumtaja kwenye kundi. Uganda kuna tozo ya asilimia 0.5 kwenye kutoa pesa kwa simu juu ya ada ya mtandao, hivyo ongeza kidogo ili nauli ibaki nauli.

Usiruhusu picha zitumwe kwenye makundi kabla ya kuuliza. Kuna ambaye hakualikwa, na kuna ambaye alisema nyumbani kwamba yuko kazini.

6. Milo midogo

Hapa ndipo safari ilipo, na hapa usikimbie.

Asubuhi imesahaulika na wengi, kumbe ni saa nzuri kuliko zote kwa rafiki mwenye kazi nyingi. Mwombe katogo kabla hajaingia ofisini, saa moja na nusu au saa mbili. Ni matoke yaliyopikwa chungu kimoja na matumbo, au maharage, au karanga, na chai pembeni. Vibanda vya katogo viko karibu na kila kituo cha teksi, na teksi kule ni ile ile tunayoiita daladala. Mnakula dakika arobaini, mnaongea ya maana, naye hajavunja ratiba.

Chakula cha mchana ni cha mtu wa mjini. Kwenye migahawa ya kienyeji ya Nakasero na kandokando ya Kampala Road unachagua mchuzi, na bei inafuata mchuzi: nyama ya ng'ombe, samaki, karanga, maharage. Chakula chenyewe, yaani matoke, wali, posho (ugali), mihogo, viazi vitamu na boga, unawekewa mchanganyiko. Mwambie mpakuaji mapema usichotaka, la sivyo sahani itajaa vyote. Ukiona luwombo, agiza hiyo. Nyama, kuku au karanga hufungwa ndani ya jani la mgomba lililopitishwa motoni, kisha hupikwa kwa mvuke polepole. Inasimuliwa kwamba ilianza jikoni kwa Kabaka Mwanga, mfalme wa Buganda, mwaka 1887. Ifungue mezani mwenyewe, usikubali ifunguliwe jikoni, kwa sababu harufu ya kwanza ikitoka ndiyo nusu ya chakula. Fika kabla ya saa nane mchana, kwa kuwa luwombo hupikwa asubuhi na ikiisha imeisha.

Kwa rafiki asiye Mganda, nina ushauri ninaoushikilia sana: mwache akupeleke kwenye chakula cha kwao. Wa Gulu au Lira akutafutie malakwang, mboga chachu iliyoungwa kwa karanga au ufuta. Wa Mbarara akuonyeshe eshabwe, mchuzi mweupe wa samli, na kalo, ugali wa ulezi. Wa Mbale anajua nani anapika malewa, yale machipukizi ya mianzi, kwa namna sahihi. Kampala ina watu wa makabila yote, na kila jamii ina mama mmoja anayepikia watu wake kwenye kichochoro ambacho wewe peke yako usingekifika. Tulipoishi huko wengi wetu tulikula matoke na wali tu miaka yote. Ukimwambia rafiki "nilishe cha kwenu", unampa nafasi ya kuwa mwenyeji, na mazungumzo yanaanzia utotoni kwake badala ya kuanzia siasa.

Wale mliosoma pamoja, kutaneni usiku Wandegeya. Rolex huliwa wima, karibu na jiko la mkaa, mayai yakikaangwa na kabichi, nyanya na kitunguu, kisha kuviringishwa ndani ya chapati. Simama umwone anavunja mayai, omba ya moto iliyotoka sasa hivi, usichukue iliyokaa imefungwa. Na kama mfuko wa siku zile ulikuwa mwembamba, agizeni na kikomando, chapati iliyokatwakatwa ikamwagiwa maharage. Huwezi kukumbushana shida za hosteli ukiwa na sahani ya kioo.

Usiweke zaidi ya milo miwili ya watu kwa siku. Mwili utakubali mitatu, masikio hayatakubali. Rafiki wa jioni anastahili mtu ambaye bado anasikiliza.

7. Wazee nyumbani

Piga simu siku mbili kabla, hata kama zamani ulikuwa unaingia bila kubisha. Jumapili baada ya ibada ni nzuri, au Ijumaa baada ya swala kwa Waislamu wa Kibuli. Usiende mikono mitupu. Sukari, mkate, sabuni ya mche na kilo mbili za nyama ni zawadi ya kweli huko, haidharauliwi. Ukitoka Tanzania ongeza khanga, viungo vya Zanzibar au mchele wa Kyela. Kina mama wa Kampala wanazipenda khanga, na kila ukirudi utaikuta ile uliyoleta bado inatumika.

Mlangoni watakuambia "Kulikayo", salamu ya anayerejea kutoka safari. Jibu "Awo", uketi, halafu salamu ndefu ndiyo inaanza. Mwanamume mwite ssebo, mwanamke nnyabo, na mzee sana mwite jjajja. Wanawake wa Kiganda hupiga magoti wakiamkia. Mgeni halazimishwi, lakini ukikunja goti kidogo umeeleza kila kitu. Anza kwa Kiganda chako, hata kiwe kimepata kutu, kabla ya kuingia Kiswahili. Baadhi ya wazee wa Buganda walikisikia Kiswahili kwa mara ya kwanza kutoka kwa askari, katika miaka mibaya, na lugha hiyo bado inawarudisha huko. Wajukuu wao ni tofauti. Tangu Baraza la Mawaziri lilipoamua Julai 2022 Kiswahili kiwe somo la lazima shuleni, unaweza kukuta mtoto anataka kujaribu maneno yake kwako. Mpe muda.

Utapewa chakula hata kama umeshiba. Kula. Ndiyo maana siku hiyo usiweke mlo mwingine wa mchana. Usiangalie saa, usitoe simu mezani, na ukiaga ujue utasindikizwa hadi barabarani, na maneno muhimu mara nyingi husemwa hapo njiani. Dereva wako wa boda asubiri mbali kidogo.

8. Mji wenyewe uuone ukiwa na mtu

Usiweke siku nzima ya kutazama mahali. Ambatanisha kila mahali na mlo. Kabla ya rolex ya Wandegeya, pandeni Makerere. Jengo kuu lenye mnara liliungua Septemba 2020, likajengwa upya kwa sura yake ile ile na kufunguliwa tena 2024. Watanzania wengi hupenda kupiga picha hapo, chuo alichosoma Mwalimu Nyerere kuanzia 1943. Kabla ya chakula kwa mzee wa upande wa Rubaga au Namirembe, piteni Kasubi. Makaburi ya wafalme yaliungua Machi 2010, na baada ya kazi ndefu ya kurudisha nyumba kuu, UNESCO iliyaondoa kwenye orodha ya urithi ulio hatarini mwaka 2023. Kuwasikia waliokuwepo wakieleza usiku ule wa moto kunazidi maelezo ya kibao chochote.

Kwa usafiri, bodaboda na gari la programu ya simu, kama SafeBoda, Uber au Faras, hukuepusha na kupatana bei. Vaa helmeti kila mara, na usiku chukua gari. Ukiwa ndani ya teksi kwenye foleni, funga kioo unapotumia simu. Maji kunywa ya chupa, matunda yaliyokatwa barabarani acha.

9. Kuondoka

Acha nusu ya siku ya mwisho bila mwaliko wowote. Kuna atakayekuwa ameahirisha, kuna mliyeonana kwenye meza kubwa akasema "nikutafute". Nusu siku hiyo ni yao. Pia ndiyo ya kulipa bili iliyobaki, kumrudishia mtu mwamvuli, na kumtumia nauli yule aliyekusindikiza mpaka usiku.

Utapewa vitu vya kubeba. Karanga za kusaga zifunge mara mbili kwenye mfuko usiovuja. Senene waombe waliokaangwa wakakauka, wawekwe kwenye chombo chenye kifuniko, wakae nawe kitini. Mkungu wa matoke usiukatae hata kama kwenu iko migomba, ni heshima ya nyumba. Mwambie mwenyeji aukate vichane, uvipange kwenye gunia, uandike jina lako na unakoshukia kwa kalamu nzito, na uelewane na kondakta bei ya mzigo kabla gunia halijapandishwa, siyo mpakani.